Ng'ombe wa Mstari wa 812

Goma, Alhamisi. Mvua imenyesha asubuhi, ikapita. Kuranti iko, taa zinawaka. Mtandao uko. Sina hata kisingizio kimoja.

Shajara yangu, leo nimechoka kufa. Siku ya nne hii niko mbele ya mashini, na mashini inanijibu maneno matatu tu, kwa Kifaransa, kama mwalimu aliyeamka vibaya: indice hors limites, yaani unachotafuta kiko nje ya mipaka.

Indice hors limites. Indice hors limites. Nimeyasoma mpaka nayaona nikifumba macho.

Kwa ambaye hajui R, programu tunayofanyia hesabu za takwimu, nieleze taabu yangu. Una tablo yenye mistari na safu. Unaiambia R: niletee kilichoko mstari fulani, safu fulani. Kama mahali hapo hapapo, inakataa na kusimama. Ni kama kutafuta nyumba ya kumi na tatu kwenye avenue yenye nyumba kumi na mbili. Kosa dogo, la wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mimi ni wa mwaka wa mwisho, na kesho saa sita ya mchana direkta wangu, profesa anayenisimamia, anataka matokeo yote ya memwari, kazi yangu ya kumaliza chuo. Nisipotuma, sifanyi defansi, kuitetea mbele ya juri ya walimu, kikao hiki. Nangoja kingine, na kingine hakuna anayejua ni lini.

Basi. Memwari yangu ni ya maziwa. Familia tisa za Masisi zinazopeleka maziwa kwenye nyumba moja ya kutengeneza fromazhi, jibini ya kwetu, zilinikubalia kuandika kwenye kaye, daftari moja kila familia, siku moja kila wiki, kila ng'ombe ametoa lita ngapi. Wiki ishirini na sita. Asiyekamuliwa anaandikiwa sifuri, hata mtamba ambaye hajazaa. Familia ya tatu ni ya papa yangu mwenyewe. Direkta alijua, akasema si neno, mradi naye aandike kama wengine.

Mwanzoni nilitaka kuwapa ng'ombe namba. Papa alikataa kabisa. Kwetu mutu hanyooshi kidole kwenye ng'ombe na kusema moja, mbili, tatu, kama anayehesabu matofali. Alikaa kwenye kiti chake akanitajia majina, polepole, kuanzia aliye mzee kuliko wote, na kila jina na habari za mama yake. Wazee wengine wakafanya vilevile. Ndiyo sababu mistari ya tablo yangu ina majina badala ya namba: majina arobaini na sita, kila moja na familia yake. Nilijisifu sana kwa hilo. Nilimwambia direkta kwamba hii ndiyo heshima ya wafugaji. Leo ningepewa namba ningeshukuru.

Jumatatu niliweka data yote ndani, mstari mmoja kwa kila ng'ombe kila wiki, mistari elfu moja na mia mbili na kidogo, ili R ipeleke kila lita kwenye jina lake, nikabonyeza, nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi, hors limites.

Nikasema, bon, ni wiki. Lazima kuna mahali nimeandika wiki ya ishirini na saba. Jumanne nzima nilipitia safu ya wiki kwa macho, mstari kwa mstari, shingo ikakauka. Hakuna ishirini na saba. Nikaongeza safu moja ya bure pembeni ya tablo, ili kama kuna inayozidi ipate pa kukaa. Hors limites! Nikatoa mstari wa vichwa nikidhani R inauhesabu. Nikaurudisha. Nikaanza upya toka mwanzo. Mashini ikanijibu yaleyale, bila haya.

Jumatano nilifanya kosa la kumwita Fabrice.

Fabrice ni rafiki yangu wa informatika, mutu mzuri, lakini anajua kila kitu. Aliketi, hakuuliza chochote, akasema shida ni kwamba naanza kuhesabu kwa moja. Watu wa kweli wanaanza kwa sifuri. Nikamwambia hiyo ni Python, hii ni R. Akanicheka. Akabadilisha kila mahali palipokuwa na moja akaweka sifuri, akabonyeza, na kosa likabadilika: l'argument est de longueur nulle, yaani umenipa kitu kitupu. Akafurahi! Akasema unaona, tunaenda mbele. Tulienda mbele namna hiyo mpaka saa kumi za jioni, kisha akakumbuka ana mkutano, akaniachia kodi, yale maagizo ya programu, ambayo hata mimi mwenye kuiandika siitambui tena. Nilitumia saa mbili kuondoa sifuri zake.

Sasa niungame.

Asubuhi ya leo ndipo nilipofanya kile nilichopaswa kufanya Jumatatu, kabla ya chai, kabla ya Fabrice, kabla ya kila kitu. Niliiambia R inionyeshe inaposimama, mstari gani hasa. Neno moja tu la kuongeza. Dakika moja. Ikanionyesha: 812.

Nikaenda mstari wa 812. Wiki ya kumi na nane, familia ya tatu, Gaju, lita saba.

Nikatafuta Gaju wa familia ya tatu kwenye orodha ya majina arobaini na sita. Hayuko. Nikapiga kelele peke yangu ndani ya nyumba. Siku nne nahesabu namba, kumbe namba zote ni nzuri! R haikuwa inalia namba. Ilikuwa inatafuta jina. Natuma mashini kwenye mlango wa ng'ombe ambaye hana nyumba, inarudi kuniambia hakuna mutu hapo, na mimi naigombeza.

Gaju anatokea mara tisa, toka wiki ya kumi na nane mpaka mwisho. Nikamwandikia Fabrice, maana akili zangu sijui zilikuwa wapi. Akajibu palepale: ruka hiyo mistari tisa, nani atajua?

Nikairuka. Ndiyo, niliiruka. R ikakimbia mpaka mwisho bila kukohoa, grafiki ikatoka, nzuri, na rangi zake. Dakika tano nilikuwa mutu mwenye furaha.

Kisha nikazitazama zile lita. Saba, saba, nane, saba. Katika ng'ombe wote arobaini na sita, wa familia zote tisa, hakuna aliyefika saba hata siku moja. Na huyu anafika kila wiki. Huyu asiyekuwa kwenye orodha. Huyu wa kaye ya papa yangu.

Hapo roho ikaniuma. Nilifikiri neno baya, na naliandika hapa kwa sababu mahali pengine sitaweza: nilifikiri papa amebuni ng'ombe. Nilifikiri ameona wenzake wanaandika lita nyingi, akataka kaye ya binti yake ipendeze, akaongeza. Kama ni hivyo, kaye yake yote ni ya kutupa. Na nikitoa familia ya tatu, direkta atauliza kwa nini, na nitalazimika kusema mbele ya juri kwamba papa yangu anadanganya.

Nikampigia simu. Mchana sipigi kamwe, kwa hiyo alipokea kwa hofu, akauliza nani amekufa. Hata sikumsalimia vizuri. Nikamuuliza kama polisi.

"Papa, Gaju iko ao haiko?"

"Iko. Iko hapa mbele yangu, inakula."

"Sasa mbona hukunipa jina yake siku ile? Nilikuuliza ng'ombe zako zote."

"Nilikupa zangu zote."

"Papa, lita nane! Kwa nani kule juu kuna ng'ombe ya lita nane?"

Nikasikia upepo wa kule mlimani.

"Unafikiri naandika uongo?"

Sikujibu. Na kutojibu ni kujibu, alisikia vizuri sana. Akakohoa, kisha akasema taratibu, kama anayemweleza mutoto:

"Uliniuliza ng'ombe zangu, nikakutajia zangu. Gaju haiko yangu. Iko yako, mama. Niliitoa kwako zawadi siku uliingia chuo, ikiwa ndogo. Nilikuwa nangoja defansi, nikuambie mbele ya batu. Ilipozaa nikaanza kuandika, sababu ulisema kila lita ya hapa iandikwe. Majani mazuri yote naipatia yeye. Ndiyo maana."

Na mimi, badala ya kusema neno la mutu aliyelelewa, unajua nilisema nini? Nilisema:

"Papa, ungesema toka mwanzo! Nimepoteza siku ine!"

Hapo inite za simu zikaisha. Simu ikakatika.

Nilikaa na simu mkononi. Nje mama wa jirani alikuwa anafagia maji ya mvua kwenye mawe meusi ya uwanja. Nilitaka kulia, nikakasirika badala yake. Nilimkasirikia papa kwa siri zake. Kwa nini wazee wetu hawawezi kutoa kitu bila kukificha miaka mitatu? Nilimkasirikia Fabrice na sifuri zake. Niliikasirikia R, ambayo kumbe ndiyo peke yake iliyosema ukweli toka Jumatatu.

Kisha nikarudi kazini, kwani kesho inakuja tu. Nikafungua orodha ya majina, nikaongeza mstari wa arobaini na saba. Gaju, mtamba, familia ya 3, sifuri mpaka wiki ya kumi na saba. Kuna safu nyingine inayoitwa Mwenye, kwa sababu nyumba nyingine zina ng'ombe wa mama, wa kaka, wa bibi. Kidole kilibaki hewani muda mrefu. Mwishowe nikaandika jina langu.

Nikamwandikia direkta nikamweleza yote. Jibu lilikuja upesi kuliko nilivyotaka. "Mademoiselle, mtafiti hawezi kuwa ndani ya data yake." Nikaona kikao kinanipita hivihivi, na sababu ni zawadi. Dakika kumi baadaye ikaja ya pili. "Lakini ng'ombe anaweza. Weka note chini ya tablo, sema ukweli wote, usifute kitu. Saa sita." Sijui kama alikuwa anacheka. Yule mzee hachekagi.

Nimeandika note. Nimebonyeza. R imepita mia nane na kumi na mbili bila kusimama, imefika mwisho. Mistari yote tisa iko ndani. Hakuna hors limites. Nilidhani siku ikifika nitaruka na kupiga vigelegele. Nimeifunga mashini tu, nikaosha sahani.

Maana kuna jambo ambalo memwari haiwezi kunirekebishia. Kwetu mutu akipewa ng'ombe harudishi asante kwa simu. Anapanda mpaka kwa aliyempa, na pombe, na watu wake, anasimama mbele ya mji, yaani boma lake, anamsifu ng'ombe kwa jina lake na kumshukuru mwenye mkono uliotoa. Tunaita gukura ubwatsi. Watoto wote wa kule juu wanajua hivyo, hata asiyejua kusoma. Mimi, wa chuo, nimepewa ng'ombe mwenye maziwa mengi kuliko wote katika familia tisa, na neno langu la kwanza lilikuwa la kulalamika. Kabla ya hapo nilimpa papa jina la mwongo.

Nimenunua inite. Nimepiga mara tatu, hapatikani. Ameshuka na ng'ombe, kule bondeni mtandao hauendi.

Kesho saa sita natuma. Jumamosi, direkta akubali au asikubali, napanda Masisi na bidoni ya kasiksi, pombe ya ndizi, na Fabrice ataibeba, hiyo ndiyo adhabu yake. Nitasimama mbele ya mji nitafute maneno. Bado sijayapata. Kila nikianza, naona yule muzee na kalamu yake ya bluu, mikono bado na maziwa, kila wiki kwa wiki tisa, anakamua ng'ombe wangu na kuniandikia lita zangu bila kukosa hata moja.