Tulipolipeleka Kombi Cairns

Rafiki yangu mpendwa Deo,

Jana nilipita Matonge, mtaa wa Waafrika huku kwa Wabelgiji, kununua sombe, kisamvu chetu sisi wa Kigoma, nikamkuta mjomba wako, tonton, kwenye maduka ya Galerie d'Ixelles, ameketi mlangoni pa saluni, kofia mapajani. Akanipa habari kwamba mama yako amefariki, na kwamba mmemzika Walungu, karibu na ndugu zake. Nikajibwaga kwenye kiti cha wateja, na dada msusi akaniacha nilie bila kuniuliza nataka kusukwa mtindo gani. Pole sana, Deo. Tangu asubuhi niko mezani hapa Etterbeek, mvua inapiga dirisha, natafuta maneno ya rambirambi. Kila nikianza, najikuta nimerudi Australia, ndani ya kombi, wewe ukiwa kwenye usukani.

Ilikuwa safari ya wazimu tangu mwanzo. Griet, Mbelgiji pekee niliyemjua aliyeweza kugomba kwa Kiswahili cha Bukavu, kwa kuwa wazazi wake walikuwa walimu huko na yeye akakulia huko, alikuja na habari za kaka yake. Kaka huyo alikuwa anahama kutoka Sydney kwenda kuanza kazi Cairns, kaskazini kabisa, na hakuwa na muda wa kuliendesha kombi lake kuukuu, lenye vitanda na jiko la gesi ndani. "Nileteeni polepole," alisema, "mwione pwani." Tukaosha vyombo kwenye mikahawa majira yote ya joto ili tupate nauli ya ndege, sisi wanafunzi watatu ambao hata pwani ya karibu, Ostend, tulikuwa tumefika mara moja tu.

Kule wanaendesha kushoto, kama kwetu Kigoma. Wewe ndiye uliyekuwa dereva wa kweli kati yetu, lakini ulijifunzia kulia, kwa hiyo nikawekwa pembeni yako na kazi moja: kupiga kelele "Kushoto!" kila tulipotoka kwenye kituo cha mafuta. Siku ya kwanza ulinigeukia jasho likikutoka, lori likitujia usoni. "Bon, Neema, kushoto ya nani? Yako ao yangu?" Griet alicheka mpaka akaanguka kutoka kitandani nyuma.

Nakumbuka mambo madogo zaidi ya yale makubwa. Nyangumi tuliwaona, ndiyo. Lakini ninachokiona nikifumba macho ni wewe ukimpaka Griet mtindi mgongoni baada ya jua kumchoma akawa mwekundu kama pilipili, ukimwambia atulie kama mtoto. Nakuona ukisonga bugali wa semolina kwa sababu unga wa muhogo haukupatikana, na wale vijana wa Kiingereza na Kijerumani wa kambi ya watalii tulipolala wakija na vijiko vyao. Uliwanyang'anya vijiko, kimoja kimoja. "Apana, apana! Na mukono, alors!" Wakala kwa mikono, wakajichafua mpaka viwiko, na asubuhi yake wakaja kuuliza kama kuna bugali mwingine.

Na jioni ile tulipobaki wawili ufukweni, Griet ameenda kuoga. Uliniambia habari za mama yako, jinsi alivyouza vitenge soko la Kadutu akakulea peke yake, na jinsi alivyoimba kwaya kwa sauti iliyowafunika wengine mpaka padri akamwomba asimame nyuma. Ukasema, "Siku moja nitamuleta hapa, aone maji yenye haina mwisho." Mkono wako ulikuwa mchangani karibu na wangu. Nilifikiri tuna muda mwingi mbele yetu.

Mji wa Mackay ndipo muda ulipokatika. Kila Jumapili ulikuwa unampigia tonton, na Jumapili hiyo ulisimama kwenye kibanda cha simu huku sisi tukichagua nyanya ng'ambo ya barabara. Nilikuona umeinamia kioo. Uliporudi ulisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Vita imefika Bukavu. Mama haiko kwa nyumba. Banasema balimuona kwa barabara ya Walungu, na miguu." Kisha ukaenda moja kwa moja mpaka baharini na viatu vyako, maji yakakufika magotini, ukasimama hapo.

Griet alitaka tusubiri habari zaidi. Mimi pia. Ulitusikiliza, ukatikisa kichwa. "Muntu hawezi kukula likizo na mama yake eko mu pori." Basi ikabaki kufika Cairns, kwenye uwanja wa ndege, haraka iwezekanavyo. Ulishika funguo lakini kila ulipoliwasha gari ulilizimisha, na Griet na mimi hatukuwa tumewahi kuendesha hata baiskeli ya kukodi.

Ndipo yule mzee wa gari la jirani kambini, aliyekuwa ametualika chai siku iliyotangulia, akaja kuuliza kuna nini. Griet alimweleza kwa Kiingereza chake cha shule. Mzee hakutoa hotuba. Alizungumza na mkewe kidogo, akavaa viatu, akakunyooshea kiganja umpe funguo. Alituendesha sisi watatu mpaka Cairns, siku nzima na nusu ya pili, mkewe akitufuata nyuma na gari lao. Walikuwa wamestaafu na walikuwa wakielekea kusini, upande mwingine kabisa. Njiani miwa ilikuwa inachomwa, moshi mtamu ukaingia madirishani, ukasema harufu ile ni ya mashamba ya miwa ya Kiliba, baba yako alipofanya kazi zamani. Mzee hakuelewa neno hata moja, lakini alipunguza mwendo ili uone vizuri.

Uwanjani ulimkumbatia Griet, ukamkumbatia yule mzee akakauka kama mti kwa aibu, kisha ukaja kwangu. Nilikuwa nimeshaanza kulia. "Usinililie, Neema. Ukilia, mi nitabakia. Na nikibakia, sitajisamehe." Nikayameza machozi. Ulipoingia ndani hukugeuka, nami nilishukuru, kwa sababu ungegeuka ungeniona.

Tulimwachia kaka yake Griet kombi, tukarudi huku, na majuma mengi hatukusikia kitu. Kila niliposhuka metro Porte de Namur, mlangoni mwa Matonge, nilitembea nikitazama chini, nikihofia kukutana na uso wa tonton. Halafu siku moja akaja mwenyewe mpaka huku kwangu, amepanda ngazi za ghorofa zote nne mzee yule, anahema, hawezi kusema, anacheka tu. Padri mmoja alikuwa amepata simu ya kupitishia ujumbe wako: "Nimemupata maman. Eko muzima. Amekonda lakini anaimba." Tulipika siku hiyo. Griet alikuja na divai, na tonton akacheza peke yake sebuleni mpaka jirani wa chini akagonga dari, kisha akapanda kujiunga nasi.

Tulidhani utarudi, umalize masomo. Hukurudi. Mama hakutaka kuondoka tena, na wewe hukutaka kumwacha tena. Watu wa hapa walisema umepoteza maisha yako. Mimi nilikasirika nao, na siku nyingine, nisikufiche, nilikasirika nawe. Lakini jana tonton aliniambia kwamba mama alifia nyumbani kwake, kitandani kwake, kichwa chake kikiwa mkononi mwako. Katika miaka hii, Deo, kwa mama wa Kivu, hiyo ni zawadi ambayo wengi wamenyimwa. Wewe ulimpa. Hasira yangu yote iliisha pale pale kwenye kiti cha saluni.

Griet ana mtoto sasa, wa kike, na anamgombeza kwa Kiswahili ili baba yake asielewe. Anakusalimia sana, na amelia nawe.

Mimi nimemaliza masomo. Mwezi ujao ninarudi nyumbani Kigoma kufundisha, na ningerudi hata kama usingekuwepo upande ule wa ziwa. Lakini upo. Pale Cairns ningepanda ndege ile nawe kama ungesema neno moja, na wewe hukusema kwa sababu ulikuwa na mtu mmoja wa kumtafuta na moyo mmoja tu. Ninakupenda. Nilikupenda tangu kwenye usukani ule. Sikudai jibu leo, wewe una msiba. Omboleza kwanza, mlilie mama kama anavyostahili. Arobaini ikipita, kama njia ni salama, shuka Uvira uvuke ziwa. Ukifika Kigoma, muulize yeyote bandarini nyumba ya mwalimu Neema, watakuleta.

Mungu ampokee mama, na kwaya ya huko imweke mbele na sauti yake.

Ni mimi, rafiki yako wa upande wa kushoto,
Neema