Kusoma Habari za Theluji Ruiru

Ruiru,
11 Agosti 1957

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama na wote wa hapo Kimilili. Je, goti lako limepata nafuu tangu mvua zipungue? Mimi ni mzima. Kazi ya zahanati hapa shamba la kahawa inaendelea vizuri, ila Julai yote ilikuwa ya ukungu, na wachumaji wengi walikuja wakikohoa.

Tangu Machi nimekuwa nikisoma kitabu alichoniazima Sista, yule mzungu anayetusimamia. Ni mkusanyo wa hadithi na mashairi ya watu mbalimbali, yote juu ya majira ya baridi huko kwao Ulaya. Humo mito huganda hata watoto wakacheza juu yake, na kuna mtu aliyepotea kati ya nyumba yake na zizi lake mwenyewe kwa sababu theluji ilifunika njia. Jioni humsomea Ngendo, mwenzangu wa chumbani, nikimfasiria kwa Kiswahili. Yeye haamini hata nusu. Aliniuliza watu hao huzika wapi ardhi ikiwa ngumu namna hiyo, na jibu tulilipata tulipofika kwenye hadithi ambamo maiti aliwekwa ghalani kungoja udongo ulainike. Ngendo akaniomba nisome nyingine isiyo na mazishi.

Barasa naye huja Jumapili kutoka Thika, kwenye kiwanda cha mananasi. Nilimsomea hadithi ya mke aliyekaa dirishani msimu mzima akimngoja mume aliyekwenda mbali kutafuta kazi. Nilitaka kuona atasema nini. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza mbona kila mara anayeondoka ni mwanamume. Kisha akanitazama, akasema, "Nafuna, mtu hasomi habari za baridi miezi yote hii bure. Unakwenda lini?"

Sikuweza kumficha, na wewe pia sitakuficha. Sista alinipeleka Nairobi kwa mahojiano, nami nimekubaliwa kusomea uuguzi Uingereza kwa miaka mitatu. Meli inaondoka Mombasa katikati ya Septemba. Najua umekwisha kupokea ng'ombe wa akina Barasa, na harusi ilikuwa iwe Desemba. Nilichelewa kukuambia kwa sababu niliogopa utakataa, nami nataka kwenda.

Barasa hakunikasirikia, lakini hakuahidi kuningoja. Alisema miaka mitatu ni mingi, na yeye si mtu wa kwenye kitabu. Jumapili iliyofuata aliniletea sweta nzito aliyoinunua Thika, akaiweka mezani, tukanywa chai bila yeyote kuitaja safari. Kwa hiyo, Baba, nakuomba wale ng'ombe wasichinjwe wala kuuzwa. Huenda watu wake wakaja kuwachukua, na wakija wasisumbuliwe.

Jumamosi ijayo nitapanda gari la moshi kuja kuaga. Ukiwa hutaki kuniona, nitalala kwa senge, dada yako Nelima, na asubuhi nitakuja kusimama hapo uani. Nataka tuonane kabla sijaondoka, hata usiponiambia neno.

Mama umsomee barua hii polepole, umwambie nina afya njema. Wadogo zangu wote nawasalimu.

Ni mimi binti yako,
Nafuna