Sauti Yangu Kaunta

Shoga, uko? Nina hasira, acha tu.

Unakijua kile kimashine nilichokibuni cha supamaketi, kinachopima kikapu cha mteja kinaharibu mazingira kiasi gani, na kumwonyesha jani la kijani au jekundu kwenye kioo. Kimya kimya. Nilimwambia bosi hadi koo likanikauka: mtu ukimwaibisha habadiliki, anahama duka.

Leo amekitia sauti bila kuniuliza.

Na sauti yenyewe ni yangu. Ile niliyorekodi kwa mzaha siku ya majaribio.

Niko pale kaunta na bosi, kavimba kama chura, anatokea nani? Mama mkwe, na mfuko wa nyama. Kimashine kikapaza sauti: "Kikapu chako kinaiumiza dunia. Jirekebishe."

Foleni nzima ikageuka.

Jirekebishe, shoga. Kwa sauti yangu.

Bosi, mshenzi yule, ananiambia, "Umeona kinavyofanya kazi?"

Nikaurukia waya niuchomoe. Mama mkwe akanishika mkono, taratibu kabisa.

"Kiache, mwanangu. Nyama nairudisha. Nilikuwa nakuja kukupikia wewe."