Tantine, Sikumpa Trésor Basi la Shule

Tantine Odile, shangazi yangu, mama uliyenilea,

Ninakuandikia nikiwa ofisini, mlango umefungwa. Watoto wote wameshakwenda nyumbani. Nimekuwa na woga tangu siku tulipokuzika, lakini mwaka huu woga ule ulipata sura. Ulikuja na sura ya mwanao. Afadhali usikie kutoka kwangu kuliko kwa mwingine: Trésor alikuja kuomba kazi hapa shuleni, kazi ya kuendesha basi, nami ndiye niliyemnyima.

Usikasirike kwanza. Niache nianze mbali kidogo, maana yote niliyofanya niliyaokota kwako.

Unakumbuka niliporudi Likasi na diploma yangu kutoka Lubumbashi? Nilikaa nyumbani kwako muda mrefu bila kazi, na kila nilipoitwa kuhojiwa sauti yangu ilipotea. Katika ile kampuni ya usafirishaji, bwana mmoja aliniuliza mimi ni nani, nikamwaga maneno niliyokuwa nimeyakariri kama mtoto wa katekisimu. Hakungoja nimalize. Nilirudi nikilia mpaka kwenye malewa yako, kile kibanda cha chakula karibu na stesheni. Ulikuwa unafunika ugali. Ukanikalisha kati ya masufuria, wewe ukajifanya mkubwa wa kazi.

"Weye iko nani?" ukaniuliza.

"Mimi ni mtu mwenye bidii, mwenye kujua..."

"Hapana. Bote banasema vile. Uniambie kintu moya ulifanya."

Nilifikiri sikuwa na kitu. Ndipo nikakumbuka siku ya chanjo pale parokiani, wamama walipokuwa wakisukumana na watoto migongoni, nami nikawapanga kwenye mabenchi kwa mitaa yao mpaka kelele zikaisha. Ukajipiga pajani kwa furaha. "Njo ile! Useme ile. Na kama hauyue kintu, useme hauyue, usitafute uongo." Kisha ukanituma nije kutazama shule hii siku moja kabla ya kuhojiwa, nisimame ng'ambo ya barabara tu, nione watu wanaingiaje. Niliona watoto wa upande wa Kambove wakifika wamechelewa, wamejaa vumbi. Kesho yake, Papa Directeur, mkuu wa shule, aliponiuliza kama nina swali, nilimwuliza juu ya watoto wale. Alikaa vizuri kwenye kiti chake. Wiki ile ile nikaanza kazi ya ukatibu, na baadaye kidogo shule ikanunua basi.

Na nilikutazama pia ulipokuwa unatafuta wasichana wa kukusaidia kwenye malewa. Hukuwahi kuwauliza kama wanajua kupika. Ulisema mtu anayetafuta kazi anajua yote. Uliwapa kisu na vitunguu saa ya mchana, wakati watu wa reli wamejaa na kila mmoja anaita, halafu ukawaangalia. Kama msichana alishafanya kazi kwingine, ulikwenda kwa yule mama aliyemwajiri kwanza na kumwuliza swali moja: "Akirudi kesho, utamupokea?" Ukiwa njiani kurudi uliniambia kwamba jibu lenyewe si kitu sana, angalia anachukua muda gani kulitoa.

Sasa sikia yaliyonipata. Dereva wetu wa zamani alipata kazi kwenye mgodi, akaondoka. Papa Directeur akaniita. "Béa, weye njo utachagua mwingine. Lakini uyue, ni batoto ba bantu." Alilisema taratibu tu, akarudi kwenye chai yake, lakini mimi nilitoka pale nikiiwaza njia ya Kambove. Unaijua ile barabara. Malori yaliyobeba shaba, malori ya asidi, mengine yameharibika katikati ya kona bila hata tawi la kuonya watu. Nilianza kuota magurudumu.

Trésor alikuwa wa kwanza kuja. Shati jeupe, limepigwa pasi, na kicheko chako kile kile, akaniita dada mkubwa kama zamani. "Yaya Béa, Mungu amesikia mama." Alikuwa amechoka kuendesha taxi-moto, ile pikipiki ya abiria, na kweli alikuwa na permis, leseni ya udereva, alishaendesha gari dogo la mfanyabiashara mmoja. Kabla sijamaliza kusoma barua yake, ukoo mzima ulikuwa unajua. Tonton Albert, kaka yako na ndugu wa baba yangu, alikuja kwangu, akakataa maji, akakaa na kofia mkononi.

"Nyumba ulikomalia toka mutoto ilikuwa ya nani?" akaniuliza.

"Ya Tantine."

"Basi." Akavaa kofia, akaenda zake.

Nami nilikuwa na maneno yako ya hospitalini, uliponishika kidole na kusema, "Usimuache Trésor." Hukusema lingine siku ile. Niliogopa kumwajiri, niliogopa kutomwajiri, na sikuwa na mtu wa kumwuliza, kwa sababu mtu huyo ulikuwa wewe.

Mwishoni wakabaki wawili: Trésor na mama mmoja anayeitwa Régine, aliyekuwa anaendesha lori la mchanga. Kwenye kuhojiwa Trésor aling'aa. Alimsalimu kila mtu kwa cheo chake, Kifaransa chake kizuri, alijua hata majina ya mitaa yote ya watoto. Mama Régine alifika amechelewa, viatu vina matope, na badala ya kuomba msamaha akauliza nani anaangalia breki za basi na anaziangalia lini. Papa Directeur alinitazama kwa jicho la kusema, huyu ametoka wapi?

Nikaomba wote wawili waendeshe, njia ile ile ya Kambove, basi likiwa tupu na mimi nimekaa nyuma yao.

Trésor anaendesha vizuri, Tantine, sitasema uongo. Mikono yake ni myepesi, alikuwa anaimba. Kisha tukafika kwenye mpando, mbele yetu lori limelemewa, linakwenda kama mzee. Trésor akalivumilia kidogo, akachoka, akalipita kwenye kona. Lori lingine likatokea mbele. Nililiona lote, bampa yake, mnyororo ulioning'inia, mdomo wa dereva ukiwa wazi. Trésor akachomoka kati yao, sijui kwa nafasi gani, na vumbi likatufunika. Alikuwa anacheka.

"Yaya, usiogope. Basi haina bantu. Batoto bakiwa ndani siwezi fanya vile."

Nilingoja aseme amekosea. Nilingoja mpaka tukaingia mjini, na yeye alikuwa ananieleza atakavyowafundisha watoto nyimbo za njiani.

Zamu ya Mama Régine, hatukuondoka hata uwanjani. Alilizunguka basi, akapiga goti mbele, akaingiza vidole kwenye gurudumu. "Mupira huu umekufa. Siendeshe."

"Mama, ni mutihani tu," Papa Directeur akasema. "Ni pa karibu."

"Basi mutafute mwingine." Akachukua mkoba wake. Ilibidi nimkimbilie mpaka getini. Tairi likabadilishwa kwa manung'uniko, akarudi siku iliyofuata, akaendesha taratibu mpaka nikasinzia.

Nilikwenda kuuliza swali lako. Yule mwenye malori ya mchanga alijibu kabla sijalimaliza: "Ule mama iko na mudomo mubaya. Lakini hata leo arudi." Yule mfanyabiashara wa Trésor alitazama duka lake, akapanga maboksi ambayo yalikuwa yamepangika, mwishoni akasema, "Ni mutoto muzuri." Nikamshukuru, nikatoka, nikampa Mama Régine kazi.

Sikutaka Trésor asikie kwa mtu. Nilikwenda nyumbani kwako, anakokaa yeye sasa, tukakaa uani.

"Ni Directeur alikataa?" akaniuliza.

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. "Hapana, Trésor. Ni minye." Nikamweleza ile kona, na maneno aliyoyasema baada ya kona.

"Mama angenipatia," akasema. Akawasha pikipiki yake, akaniacha peke yangu na viti.

Tangu siku ile hakuna aliyenipigia simu. Kwenye misa yako ya ukumbusho nilikaa benchi moja na watu nisiowajua. Na kila asubuhi basi lilipotoka nilijiambia, Béa, huyu Mama Régine akipata ajali, utakuwa umewapoteza watoto wa watu na ndugu zako kwa pamoja, kwa ajili ya ujanja wako wa vitunguu na maswali.

Halafu ikaja leo. Watoto walikwenda na basi Mulungwishi kuimba na wenzao wa kule. Ilikuwa warudi mapema mchana. Mvua ikaanza, ile ya kupiga bati mpaka hamsikiani. Muda wa kurudi ukapita. Simu ya Mama Régine haikupatikana, wala ya mwalimu aliyekuwa nao. Wazazi wakajaa getini chini ya miavuli na mifuko ya plastiki. Kisha mtu akaja na habari kwamba kuna lori limepinduka kwenye njia ile.

Mama mmoja alinishika mkono wa blauzi. "Njo weye ulichagua ule mwanamuke?"

"Njo minye, mama."

Hakunipiga. Alinishikilia tu, na mkono wake ulikuwa wa baridi kama wangu. Nilipopata nafasi nilikwenda nyuma ya madarasa. Nilijaribu kusali kwa lugha yako, Tshiluba, lakini mwanzo tu ndio ninaoujua, nikaurudia ule mwanzo. Na nikafikiri, Mungu anisamehe, kwamba kama ningempa Trésor, angalau leo woga huu tungeugawana kama ndugu.

Niliporudi getini Trésor alikuwa pale, juu ya pikipiki, maji yanamchuruzika. Habari ilikuwa imefika kwenye kituo chao cha taxi-moto. Hakunisalimu.

"Balipita njia gani?"

"Ya Mulungwishi. Trésor, mvua hii..."

Aligeuza pikipiki, akaondoka. Sasa walikuwa wawili barabarani kwa ajili yangu: yule niliyemchagua na yule niliyemkataa. Kama kuna woga mkubwa kuliko huo, sijaujua bado.

Sijui nilisimama pale kwa muda gani. Simu ilipolia nilishindwa kuibonyeza, yule mama aliyenishika ndiye aliyeibonyeza akaniwekea sikioni.

"Yaya."

Nilikuwa sijasikia neno lile tangu siku ya ile kona.

"Beko bazima. Bote."

Nilipiga kelele, wazazi wakapiga kelele, ikabidi arudie kunieleza. Lori lilikuwa limeziba barabara, na madereva wengine walikuwa wakipita pembeni, kwenye matope, karibu na mtaro uliojaa maji. Mama Régine alikataa. Aliliingiza basi kijijini, akawashusha watoto kwenye kanisa dogo, wakawa wanakula mahindi ya kuchoma wakingoja mvua ipite. "Bashofere banamutukana huku," Trésor akasema, "eti ni mwoga. Hata habasikilize."

Nikangoja akate simu. Hakukata. Nilisikia mvua ikipiga upande wake pia.

"Minye ningepita, Yaya," akasema. Ndipo akakata.

Walirudi jioni, pikipiki ya Trésor mbele na basi nyuma. Wazazi wengine walimkumbatia Mama Régine, wengine walimfokea kwa kuchelewa, naye akawajibu wote kwa mdomo wake ule ule. Trésor hakuingia ndani. Nilimwona tu akikamua shati lake, kisha akapata abiria, akaenda.

Tantine, sitakudanganya kwamba nimepona. Kesho basi litatoka tena. Sijui kama ungefanya nilivyofanya. Labda ungempa mwanao funguo na kumfundisha polepole, ulikuwa na moyo huo. Naogopa kwamba umenikasirikia huko uliko. Naogopa pia kwamba hukunikasirikia, kwa maana nitawaajiri wengine tena, na siku moja nitakosea.

Jumapili nitakwenda nyumbani kwako. Trésor hajaniita. Sijui atafungua mlango au nitaongea na mbao, wala sijui nitaanza na neno gani. Woga ninao. Nitakwenda.

Lala vizuri, Tantine.

Mimi mtoto wa kaka yako, uliyeniita wako,
Béa