Inshallah Niliyoiacha

Mjukuu wangu Raya,

Shikamoo yako imenifika, marahaba. Hapa Ng'ambo sote wazima, ila magoti yangu hayataki ngazi tena. Mama yako mdogo kajifungua mtoto wa kike, ana makelele kama wewe.

Umeniuliza Waingereza husemaje "ukifanya hivi, nitafanya vile". Wakati ujao, ile "will" yao, usiutie kwenye sharti. Utie kwenye jawabu tu. Nalijua hilo tangu skuli, miaka michache baada ya Mapinduzi. Sisi kila sentensi ya namna hiyo tukiimalizia kwa inshallah, na mwalimu akiikata kwa wino mwekundu. Nikazoea kuiacha, hata nyumbani.

Bibi yangu wa Jambiani alikuja mjini kututazama. Alipokuwa akiondoka nikamwambia, "Nikifaulu mtihani, nitakuja kukaa nawe likizo nzima."

"Sema inshallah, mwanangu."

"Bibi, mie nikisema nitakuja, nitakuja."

Alijitanda kanga yake akapanda gari.

Nilifaulu. Nikapata mashoga wapya wa skuli, na safari nikaiahirisha likizo hata likizo. Nilipokwenda Jambiani, nilikwenda kwenye hitima yake, keshazikwa. Chumbani mwake mlikuwa na kitanda cha pili, kimetandikwa shuka safi. Shangazi akanambia bibi alikuwa akikitandika kila skuli zikifungwa.

Usidhani Mungu aliniadhibu kwa neno moja. Gari zilikuwepo, na mie nilikuwa mzima. Sikwenda tu.

Kwenye mtihani inshallah usiiandike, watakukata maksi. Lakini uliniambia ukimaliza utakuja. Kitanda nshakitandika.

Bibi yako,
Zuwena