Luninga Mpya Haikuonyeshi Vizuri

Mama Neema,

Nakuandikia nikiwa sebuleni kwetu, Area D. Nimeketi kwenye kiti chako, kwa sababu changu nimekisogeza hadi mlangoni. Nitakueleza kwa nini.

Luninga yetu ya zamani, ile ya kichogo, imekufa. Ilizimika katikati ya taarifa ya habari, ikatoa harufu ya waya ulioungua. Fundi aliifungua, akaifuta vumbi, akasema, "Mzee, hii iache ipumzike. Vipuri vyake havipo tena." Nilimchukia kwa neno hilo. Kupumzika ndilo neno walilolitumia wote juu yako.

Unajua nilichokuwa nikikisubiri. Kipindi cha kwaya cha Jumapili alasiri bado hurudia nyimbo mlizorekodi Pasaka ile, lakini huwezi kujua ni Jumapili ipi watawaonyesha ninyi. Ulikuwa umekwisha kukonda. Mwinjilisti alikusihi uketi, ukamjibu, "Sauti ya pili haiimbwi kwa kukaa." Basi umesimama safu ya nyuma, na katika ubeti wa mwisho unacheka. Picha zako nyingine zote zimetulia ukutani. Hiyo peke yake inatembea.

Nilikwenda mjini kununua luninga nyingine. Nilidhani iliyo kubwa zaidi ingekuleta karibu. Kijana wa duka alinipa shikamoo, akawasha moja inayokaribia nusu ya ukuta wetu. "Mzee wangu, hii unahesabu hadi magamba ya samaki!" Kweli niliyaona. Nikamwomba anionyeshe matangazo ya kawaida, ya antena. Akacheka kwa adabu: dukani hawana antena, picha zile zinatoka kwenye flashi. "Lakini nyumbani itakuwa hivihivi, mzee." Mimi niliyewafundisha watoto wa watu kutokubali jibu lisilo na uthibitisho, nikakubali. Nilikuwa nimekwisha kukuweka wewe mahali pa samaki.

Siku mlipoonyeshwa, sikukutambua. King'amuzi ni kilekile na matangazo ni yaleyale. Yametandazwa juu ya kioo kipana kama unga wa kibaba kimoja juu ya ungo mkubwa. Uso wako ulikuwa viraka vya rangi. Nilisogea karibu, ukapotea kabisa. Nilirudi nyuma na kiti changu hadi mlangoni, viraka vikaungana, lakini kutoka huko macho yangu hayafiki tena kwenye kioo. Nilikwenda mbele, nikarudi nyuma, mpaka wimbo ukaisha.

Jambo moja tu lilikuwa jema. Picha ilikuwa imevutwa pembeni ili ijaze kioo, na kwaya nzima ilikuwa imenenepa. Mabega yako yalikuwa yale ya zamani, ya binti wa Bahi aliyejitwisha gunia la mpunga la baba yake na kukataa msaada wangu.

Jumapili iliyopita mlionyeshwa tena, naye Neema alikuwapo. Unajua wizara yake ilivyo. Hupumzika siku hiyo tu. Akashika rimoti. "Baba, umbo limekosewa," akabonyeza. Mistari miwili mipana myeusi ikashuka pembeni, nawe ukabaki katikati, mwembamba, na gauni la kwaya likiwa limekulegea mabegani. Uso bado viraka.

"Irudishe," nikamwambia.

"Lakini baba, hivyo si sahihi."

"Najua si sahihi. Irudishe."

Alinitazama kama mtu aliyekosea nyumba. Akairudisha, akaenda jikoni. Sikusikia sufuria wala maji.

Dukani wamekataa kuibadilisha. Fundi anasema hata kioo kidogo cha siku hizi hakitakuwa kama kile cha kichogo. Neema anataka tujaribu king'amuzi kingine. Kila mtu ana ushauri, mke wangu, na hakuna hata mmoja anayeweza kunirudishia uso wako.

Kwaheri, Mama Neema. Kukuona vizuri siwezi kukuahidi. Naahidi hili: rimoti nimeifungia kabatini, na kitufe cha kuwashia nimekipata nyuma ya kioo. Katika nyumba hii hakuna atakayekukondesha tena.

Mumeo.