Kijiko Kimoja cha Udongo

Drumskea, Fermanagh
14 Novemba

Mdogo wangu Fintan,

Pokea salamu zangu kutoka huku nyumbani kwenye mvua. Natumaini zitakukuta mzima huko Perth, wewe na wifi yangu na watoto, na kwamba mgongo wako umepata nafuu baada ya kukaa kwenye ndege saa zote zile. Mimi afya ninayo, usingizi ndio umenikimbia. Ng'ombe wanne waliobaki wanalishwa na majirani kwa zamu, na paa la zizi tuliloligombania mimi na wewe bado linavuja palepale.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwangu, mtu ambaye hata salamu za Krismasi nazituma kwa simu. Nimekupigia mara tatu tangu uondoke. Kila ukipokea unaniuliza kama nakula vizuri, mimi naanza kulia, wewe unanibembeleza, tunaagana. Karatasi hainibembelezi, kwa hiyo leo nimekaa mezani asubuhi hii nimalize ninachotaka kusema.

Misa ya mwezi mmoja ya Baba ilisomwa Jumapili. Kanisa lilijaa. Padri alisema Malachy Corrigan hakuwahi kumuuzia mtu ng'ombe mgonjwa, na mabenchi ya nyuma yote yakaanza kukohoa. Baba angefurahi. Josie Leonard naye alikuja, akakaa peke yake kwenye benchi la karibu na mlango, benchi la watu sita. Unawajua watu wetu, hawamtukani mtu. Walimwambia leo kuna baridi, Josie, naye akawajibu ndiyo, kuna baridi, wakapita wakaenda kukaa kwingine. Mimi pia nilipita, Fintan.

Naomba nikusimulie mambo tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, kwa sababu uliyajua kwa simu na msimuliaji nilikuwa mimi.

Ugonjwa wa Baba ulikuwa umefika pabaya kuliko nilivyokuwa nakwambia. Kuna protini zinazogandamana kwenye ubongo na kuua seli moja baada ya nyingine, na zinaanzia pale panapohifadhi mambo mapya. Kwa hiyo alikumbuka mnada wa ng'ombe wa mwaka aliooa, lakini hakukumbuka kama amekunywa chai. Tangu Pasaka hakunijua. Aliniita nesi, na siku akiwa na furaha aliniuliza Dympna atakuja lini kutoka Belfast. Nikimwambia ndiye mimi, alinitazama kwa adabu, jinsi anavyomtazama mtu wa bima. Siku moja aliniambia, “Hapana, mama. Binti yangu ana maneno mengi kukuzidi.” Nilicheka mbele yake, kisha nikaenda zizini nikalia hadi ng'ombe wakaacha kula wakawa wananitazama.

Siku tatu za wiki nilikuwa Belfast maabara na siku nne hapa. Siku nilizokuwa sipo, Josie ndiye aliyempikia na kukaa naye, wala hakuna aliyemwomba. Alianza tu, kama alivyoanza kuja Mama alipofariki, wewe ukiwa na miaka mitano na hujui kufunga kamba za viatu.

Kazi yangu umeisikia hadi ukachoka. Tunatafuta kwenye udongo bakteria wanaotengeneza dawa. Humo ardhini wanauana kwa sumu zao wenyewe tangu kabla binadamu hajakuwepo, na kutokana na sumu hizo tumepata antibiotiki zetu nyingi. Lakini kwa kuwa wameuana muda wote huo, humohumo wamo waliojifunza kutokufa. Usugu tunaoulalamikia hospitalini, mwingi wake ulianza ardhini. Udongo wenye dawa ni udongo wenye usugu, huwezi kuupata mmoja ukauacha mwingine. Hilo ndilo somo la kwanza ninalowafundisha wanafunzi kila mwaka.

Mwezi wa tisa Baba alijichana mguu kwenye seng'enge akimfukuza mtamba aliyeuzwa miaka kumi na moja iliyopita. Kidonda kikagoma kupona. Nesi alikuja kila Jumanne na Ijumaa kukisafisha na kukifunga. Ndipo Josie naye akasema atamletea Baba udongo wa uwanja wa kanisa, ule unaosemekana unaponya. Unakumbuka unavyochukuliwa: anapiga magoti, anasali, anachota kidogo, anaushonea ndani ya kitambaa cha pamba, na mgonjwa anaulalia chini ya mto. Kitambaa hakifunguliwi, na baada ya siku nne udongo unarudishwa ulipotoka. Mahali penyewe pa kuchota anapajua Josie peke yake. Nilimtania kwamba anataka kuninyang'anya kazi, akanijibu, “Wewe una darubini, mimi nina goti bovu. Tutaona nani atamponya kwanza.”

Alikileta Ijumaa. Ijumaa iliyofuata nesi alimkuta Baba anatetemeka kwa homa, mguu umevimba hadi gotini, akafungua bandeji akakuta kidonda kimejazwa udongo. Hospitali walijaribu dawa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Vijidudu havikusikia dawa yoyote kati ya hizo. Siku kumi, kisha akatutoka. Wewe ulifika ukamkuta bado anapumua, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Pale kwenye korido ya hospitali uliniuliza udongo ulitoka wapi. Nikakujibu umetoka kwa Josie. Hukuuliza zaidi, nami sikuongeza.

Siku ya mazishi ulimwambia ukumbini mbele ya watu wote, “Wewe mwanamke umemuua baba yangu kwa uchafu wako.” Alikuwa ameshika birika la chai. Aliliweka mezani, akamuuliza mtu aliyekuwa jirani yake kama ameshapata maziwa, akachukua koti lake akatoka. Wote mlinigeukia mimi, mtaalamu wa udongo, muone nitasema nini. Nilikuwa na mkate mkononi. Niliuma mkate, Fintan. Niliutafuna polepole ili nisiweze kusema.

Sasa nakwambia nilichokimeza siku ile.

Kwa miaka mitatu nilikuwa nikimwomba Josie anionyeshe anapochota, akawa ananikatalia. Nilikwenda na koleo langu nikachimba pembe nne za uwanja wa kanisa, sikupata kitu cha maana. Halafu Jumamosi ile udongo wenyewe ukawa chini ya mto wa Baba, mita chache kutoka jikoni kwangu. Nikakitoa kitambaa, nikakaa nacho mezani, nikakata mshono kwa mkasi wa Mama wa kushonea.

Baba alikuwa ameketi hapo anakunywa chai. Akaniambia, “Hakifunguliwi hicho.” Alisema wazi kabisa, kwa ile sauti yake ya zamani. Mtu asiyeujua uso wangu alijua kwamba kitambaa kile hakifunguliwi.

Nami kwa ujuaji wangu nikamjibu, “Mambo ya zamani hayo, Baba. Udongo huu unaua vijidudu. Chini ya mto hauwezi kuua kitu, unaua ukivigusa.” Nikachota kijiko kimoja cha chai, nikakitia kwenye kichupa, nikakikunja kitambaa na kukibana kwa pini. Somo la kwanza la wanafunzi wangu sikumpa. Nilimpa nusu yake, ile nusu inayopendeza.

Kesho yake nikampelekea uji, akaniambia, “Udongo wa Drumskea unaua vijidudu.” Nilishtuka hadi uji ukamwagika. Unaelewa? Kitu kipya, kimelala kikaamka bado kimo. Nilimkumbatia. Nikaanza kumzoesha. “Baba, udongo unafanya nini?” Anajibu, “Unaua vijidudu.” “Unaviuaje?” “Ukivigusa.” Nikawa nampa biskuti kila akijibu. Tulirudia asubuhi, mchana, tukicheka. Jumatatu nilikupigia simu kwa furaha nikakwambia Baba amekumbuka sentensi nzima kwa siku mbili, nawe ukalia, ukasema labda dawa mpya ya kumbukumbu inafanya kazi. Sikukwambia sentensi ilikuwa ipi.

Jumanne asubuhi nikaondoka na kichupa changu kwenda Belfast. Nesi ananiambia Baba alimrudia maneno yale mara nne alipokuwa anamfunga mguu, na kwamba alisema kwa majivuno, “Binti yangu amesema. Yule wa Belfast.” Nesi alidhani ni mzee anajifurahisha. Josie alikuja mchana kuchukua udongo aurudishe, Baba akamwambia Dympna ameshaurudisha. Josie akaniamini, kwa vile jina langu limetajwa. Kumbe wakati huo Baba alikuwa tayari amefungua pini, akafungua bandeji, akajaza alichoambiwa kinaponya, akaifunga tena vizuri. Mikono yake haikusahau kazi, unamjua. Alifunga miguu ya ndama miaka hamsini.

Nimejiuliza kwa nini katika yote aliyoyasahau, uso wangu, jina la Mama hata, maneno hayo ndiyo yalibaki. Wenzangu wanaoshughulika na ubongo wana majibu yao, wanasema kinachorudiwa kwa furaha hujichimbia. Mimi najua tu kwamba baba yetu alikuwa ameukumbuka mwiko sawasawa, na kwamba nilikaa siku tatu nikimfundisha kuuvunja, kwa biskuti.

Kile kijiko cha udongo kimeotesha bakteria. Kwenye visahani vyetu maabara kinaua vijidudu sugu vya aina mbili. Wenzangu walileta keki. Nimetakiwa niandike sampuli ilipatikanaje, na jana nimeandika kwamba niliichukua bila idhini kutoka kwa mtu aliyenikatalia miaka mitatu. Watafanya wanavyoona wao.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kwa Josie. Alikuwa anamenya viazi, hakuacha. Nilimweleza yote kama nilivyokuandikia hapa, nimesimama, koti linachuruzika maji sakafuni kwake. Nilipomaliza akaniambia alijua. Alikuwa ametandika kitanda cha Baba siku aliyopelekwa hospitali, akakiona kitambaa kitupu na pini yangu, na yeye huwa hatumii pini. Nikamuuliza basi kwa nini ulinyamaza, ukumbini pale, ukatukanwa hivyo. Akasema, “Ulikuwa unamzika baba yako. Ningekutaja nipate faida gani?” Kisha akaniambia nikae, nimelowa, na kwamba kama nimekuja kupigwa nimepotea nyumba.

Afadhali angenipiga. Nilikaa nikamenya viazi pamoja naye. Tulipofika mwisho wa ndoo ndipo akasema jambo moja tu linalomuuma. Si watu wa kanisani, hao amewazoea. Ni kwamba wewe, uliyelala mapajani pake majuma yale ya msiba wa Mama, ulimwita “wewe mwanamke.” Halafu akaniuliza kama ulifika Perth salama, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Nimeshamweleza padri, na leo nikipeleka barua hii nitamweleza yule dada wa posta, kwa hiyo kufikia saa sita mchana parokia nzima itajua. Jumapili nitakaa benchi la karibu na mlango, kama Josie atanisogezea. Sikuombi unisamehe, Fintan. Sijui kama mimi mwenyewe ningeweza. Ukikaa kimya mwaka mzima nitaelewa, ukinipigia kunitukana nitapokea. Ila hasira yako ulimkabidhi mtu asiyeistahili, nami nilikuangalia ukimkabidhi.

Nisalimie wifi, wabusu watoto, waambie shangazi yao anawapenda hata kama baba yao hatataka kuwaambia. Wa nyumbani wote wanakusalimu.

Ni mimi dada yako,
Dympna

Namba ya Josie haijabadilika. Kama una moyo wa simu moja tu, mpigie yeye.